Kadi ya Basi Namba Saba

Nimepewa kalamu ya wino usiofutika
na kadi tupu, upana wa kiganja.
Mkurugenzi anataka mistari minne, isizidi hata mmoja:
mtengenezaji, mwaka, nchi, idadi ya abiria.
Basi langu ni la saba, kati ya trekta lisilo na pua
na pikipiki ya posta iliyofia Muheza.

Mtengenezaji.
Nembo ya mbele ina jina la Kiingereza,
ningelinakili nikaenda zangu kunywa chai.
Lakini meli ilishusha nini pale gatini?
Chesisi. Mifupa mitupu, injini, usukani,
na dereva aliyeitoa bandarini
ameketi juu ya kreti la soda,
upepo ukimpiga kifua mpaka Ngamiani.
Kilichobaki kilikuwa kazi ya Barabara ya Kumi na Sita.

Pale karakana ya Harbans alikuwepo Singano,
aliyepinda mbao za mvule kwa mvuke wa pipa.
Alikuwepo Bi Mwanatumu Kiluvia, mshona viti,
aliyeshindilia ndani makapi ya katani
hadi vibarua wakatania:
tunakalia mkonge, tunaenda kukata mkonge.
Alikuwepo baba yangu, Mhina wa ribiti.
Ribiti elfu mbili na ushei kila basi,
nyundo upande wa kulia,
ndiyo maana sikio lake la kulia halikusikia
nilipozaliwa,
nilipoolewa,
niliporudi.

Juzi nilimleta.
Bango linasema USIGUSE. Akagusa.
"Si bluu hii," akasema, kwa sauti ya wasiosikia,
mtalii mmoja akashusha kamera,
wanafunzi wakaangua kicheko nyuma ya kamba.
"Ilikuwa bluu ya wino wa chupa. Hii ni bluu ya ndoo."
Akapita ubavuni akihesabu kwa ukucha,
akazikuta ribiti tatu za kigeni,
akazitemea neno nisiloweza kuliandika hapa.

Kisha akapiga magoti,
na magoti yale tunayajua nyumbani,
chini ya kiti cha nne, akasukuma ubao,
na penseli ikatoka gizani, hati ya mtu mwenye haraka:

Singano, mihogo, thumni.
Singano, tena, thumni.
Mhina halipi.

Singano alizikwa Pongwe
mwaka ule mashine zilipouzwa kwa kilo.
Wanunuzi wa chuma chakavu walipitia kila ua,
wakabeba hata kengele ya kutoka kazini.
Basi hili lilipona kwa sababu ya kuku:
mwenyewe alikuwa ameligeuza banda,
na mitetea ilikuwa imeatamia, ikamtia huruma.
Hata sasa, ukifungua dirisha la nyuma
jua la saa nane likiwa kali,
dizeli haisikiki. Inanuka mbolea.

Nikamuuliza baba, "Ulimlipa?"
"Nini?" akasema,
akanigeuzia sikio la kulia.

Leo mkurugenzi ameleta msasa.
Anasema maandishi yale yasuguliwe,
basi lirudi kwenye asili yake.
Nimeuficha msasa ndani ya trekta.
Nimekaa kwenye kiti cha nne, makapi yananichoma paja,
na kadi iko gotini.

Mtengenezaji: Singano, Mwanatumu, Mhina, na wengine
ambao hawakukopa, kwa hiyo hawakuandikwa.
Mwaka: baba anasema kabla yangu.
Nchi: inategemea umesimama mbele ya boneti au nyuma yake.
Abiria: arobaini na wawili, bila kuhesabu mitetea.
Deni: shilingi moja.

Mistari imezidi.
Wino ndio huo mlionipa.